Je, Barabara Imejengwa Barabara? Upanuzi wa Ushoroba wa Magharibi mwa Nairobi na Mkazi Aliye Kando Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba aliye kando haangukiwi na mti. Methali hii ina hekima yake: anayejitenga na mambo yasiyomhusu huepukana na madhara yake. Hata hivyo, mkazi wa Satellite, Kawangware, Uthiru au Kangemi, mitaa ya magharibi mwa jiji la Nairobi, ana sababu ya kuitilia shaka. Yeye yuko kando ya barabara. Hakuomba barabara hiyo ipanuliwe, wala hakuketi kwenye meza ilikochorewa ramani yake. Lakini siku mti unapoanguka, yaani siku tingatinga linapofika, yeye ndiye wa kwanza kuangukiwa.

Mnamo mwaka 2018, nikiwa ningali mwanafunzi wa shahada ya kwanza, jirani yetu aliyekuwa akiuza mboga kando ya barabara aliniletea karatasi. Kibanda chake kilikuwa kimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa mlangoni. "Mwanangu," akaniambia, "wewe si ndiwe unayesomea Kiswahili? Hebu nisomee wanasema nini." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Nilimweleza kuwa alitakiwa kuondoka katika muda uliotajwa. Aliponiuliza ni kwa nini, nilifika kwenye istilahi mbili tatu za kisheria, ulimi ukanigota. Sikuwa na neno la Kiswahili la ule ukanda wa ardhi ambao serikali huutenga pande zote mbili za barabara, wala la utaratibu ambao kwao serikali huweza kuichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma. Nikaishia kumwambia, "Mama, ni ardhi ya barabara." Akanitazama, akasema, "Na mimi nilidhani barabara ni ile lami."

Jibu lile limenikera tangu siku hiyo, na ndilo chimbuko la makala haya. Kamusi zetu huliorodhesha neno "barabara" kwa maana mbili. Kama nomino, ni njia pana ipitwayo na watu na vyombo vya usafiri. Kama kielezi, ni sawasawa, vizuri, kama inavyotakikana. Makala haya yanaeleza jinsi ushoroba wa barabara unaotoka kitovu cha Nairobi kuelekea magharibi ulivyokua, kutoka njia ya misafara hadi barabara kuu yenye leni nyingi, na kuuliza iwapo maana hizi mbili za neno zimewahi kukutana. Dai letu ni kwamba barabara haipimwi kwa upana wake wala kwa kasi ya anayepita ndani yake pekee. Hupimwa pia kwa hali ya aliye kando yake. Naye aliye kando hawezi kushiriki katika uamuzi asioelezwa kwa lugha anayoielewa.

Ushoroba ni nini?

Kabla ya kuzama katika historia, ni vyema tuufahamu mpaka wa mjadala wetu. Ushoroba tunaouzungumzia huanzia katikati ya jiji, kwenye Uhuru Highway, ukapitia Chiromo hadi Westlands. Kutoka hapo huitwa Waiyaki Way, nao hupanda kupitia Kangemi, Uthiru, Kinoo na viunga vya Kikuyu hadi Rironi, karibu na Limuru. Mtaa wa Satellite hauko kwenye Waiyaki Way yenyewe. Uko kwenye Naivasha Road, barabara inayoiunganisha Ngong Road, upande wa Dagoretti Corner, na Waiyaki Way, upande wa Uthiru, huku ikipita Riruta na Kawangware. Kwa hivyo, mkazi wa Satellite anayekwenda mjini ana milango miwili: ateremke hadi Ngong Road au apande hadi Uthiru. Lolote litendekalo katika barabara hizo mbili kubwa humfikia, ingawa yeye anaishi kati yake. Jina la mtaa linaiafiki hali hiyo. Setilaiti ni kile kinachozunguka kikubwa kuliko chenyewe, na hakijichagulii mkondo wa kupita.

Neno "ushoroba" nalo lina kisa chake. Katika Kiswahili cha pwani, ushoroba ni kijia chembamba baina ya nyumba, kama vile vya Mji wa Kale wa Mombasa na vya Lamu. Ni mahali ambapo watu wawili wakikutana hawana budi kusalimiana, kwa kuwa mabega yao yanakaribia kugusana. Leo neno hilo hilo ndilo tunalolitumia tunapotaja Ushoroba wa Kaskazini, yaani mfumo wa usafirishaji unaoanzia bandari ya Mombasa, ukapitia Nairobi na Nakuru hadi Malaba, na kuzihudumia Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini. Waiyaki Way ni kipande cha ushoroba huo. Lori lililobeba makasha kutoka Mombasa kuelekea Kampala, na matatu iliyobeba wanafunzi wa Kangemi, hugombania lami ile ile. Hapa ndipo mizizi ya tatizo ilipo: barabara moja imepewa kazi mbili, ya kuvuka nchi na ya kwenda dukani.

Kutoka njia ya misafara hadi barabara kuu

Historia ya njia hii ni ya kale kuliko jiji lenyewe. Mwezi Oktoba 1890, Frederick Lugard, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alifika Dagoretti, akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa sehemu hiyo, na kujenga ngome. Kilichotakiwa ni kituo cha kuwapatia wasafiri chakula kabla ya kuliteremkia Bonde la Ufa kuelekea Uganda. Udugu huo haukudumu. Ngome ya Dagoretti ilihamwa, na mwaka 1891 kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Mwezi Agosti 1892, Waiyaki alikamatwa katika ngome hiyo baada ya ugomvi na maafisa wa kampuni, akasafirishwa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi mwaka huo huo, akazikwa huko.

Ikumbukwe kuwa Kibwezi ndiko kulikokuwa na mwisho wa Barabara ya Mackinnon, iliyofunguliwa na kampuni kutoka Mombasa. Katika miaka ya 1890, baada ya serikali ya Uingereza kuichukua nchi kutoka kwa kampuni, Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi, aliongoza ujenzi wa barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Kibwezi hadi Busia, kupitia Kikuyu. Kwa maneno mengine, njia iliyompeleka Waiyaki kaburini ndiyo iliyotengenezwa kuwa barabara ya kwanza ya kuelekea magharibi. Na barabara kuu iliyotokana na mkondo huo, baada ya uhuru, ndiyo iliyopewa jina lake. Wengi wetu hulitamka jina hilo kila siku kwa makondakta bila kukumbuka kuwa tunamtaja mtu aliyekuwa kando ya njia ya wengine na mti ukamwangukia.

Reli ilifika mahali pa Nairobi mwezi Mei 1899, na kwa miaka mingi garimoshi ndilo lililobeba mizigo mizito. Hata hivyo, barabara hazikusahauliwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa wa kivita wa Kiitaliano walitumiwa kujenga barabara ya kuteremka bondeni kuelekea Mai Mahiu, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali pale, chini ya mteremko. Katikati ya jiji, barabara pana iliyoitwa kwa jina la Binti Mfalme Elizabeth ilikuja kubadilishwa jina ikawa Uhuru Highway. Majina yalibadilika. Umbo la jiji halikubadilika sana: ofisi na ajira katikati, makao ya wafanyakazi pembezoni, na barabara chache za kuwaleta asubuhi na kuwarudisha jioni.

Umbo hilo halikuzuka kwa bahati. Mpango Mkuu wa mwaka 1948 uliichora Nairobi kama mji mkuu wa koloni, na Mkakati wa Ukuaji wa mwaka 1973 ulikusudia kuieneza miji midogo na ajira nje ya kitovu, zikiwemo sehemu za magharibi kama Dagoretti. Idadi ya watu ilikua kwa kasi kuliko utekelezaji. Satellite, Kawangware na Kangemi zikajaa watu, ilhali ajira nyingi zikabaki mahali zilipokuwa. Kila asubuhi watu wale wale wakaelekea upande ule ule kwa wakati ule ule. Huo ndio msongamano, na ulikuwapo hata kabla ya magari kuwa mengi.

Miaka ya upanuzi

Enzi mpya ilianza na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyounda mamlaka tatu: ya barabara kuu za kitaifa, ya barabara za mijini na ya barabara za mashambani. Mwaka uliofuata Ruwaza ya Kenya ya 2030 ilizinduliwa, na miundombinu ikawekwa kuwa mojawapo ya misingi yake. Mfano wa kwanza uliowashangaza wengi ni Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, iliyojengwa kati ya mwaka 2009 na 2012 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012. Tangu wakati huo, kila upande wa jiji ulitaka Thika yake.

Upande wa magharibi nao ulipata zamu. Barabara ya mchepuko wa kusini, ambayo wenyeji huiita Southern Bypass, ilikamilishwa katika muongo wa 2010. Inatoka Mombasa Road, inapita kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi na msitu wa Ngong, ikaelekea Kikuyu, ili malori yasilazimike kuingia katikati ya jiji. Ngong Road ilipanuliwa kwa awamu, za mwanzo zikifadhiliwa na serikali ya Japani, hadi Dagoretti Corner na kisha kuelekea Karen. Mwaka 2017 kazi ilianza kwenye Waiyaki Way, kutoka makutano ya James Gichuru Road hadi Rironi, umbali wa takriban kilomita 25, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kipande hiki kilikuwa tayari na leni mbili kila upande. Sasa kikaongezewa leni, barabara za kando, madaraja ya juu ya magari na vivukio vya waenda kwa miguu. Baadaye ukajengwa mchepuko wa magharibi, wa takriban kilomita 17, kutoka Gitaru kuelekea Ruaka.

Kilele cha enzi hii ni Nairobi Expressway, barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa makubaliano kwamba kampuni tanzu yake itaisimamia na kutoza ada kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi serikali. Ilifunguliwa kwa majaribio mwezi Mei 2022 na kuzinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Julai mwaka huo. Sehemu yake imesimama juu ya nguzo, ikipita juu ya Uhuru Highway na Waiyaki Way. Waenda kwa miguu, bodaboda na tuktuk hawaruhusiwi kupanda. Mwisho wake ni makutano ya James Gichuru Road, yaani pale pale ambapo mitaa ya Kangemi na majirani zake inakaribia kuanza. Hatimaye, mwezi Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua ujenzi wa kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, nao pia ukiwa wa kulipiwa na watumiaji. Ushoroba unazidi kurefuka kuelekea magharibi, kama ulivyofanya tangu enzi ya misafara.

Kwa nini barabara pana hujaa tena?

Msomaji anaweza kuuliza: iwapo leni zimeongezwa hivi, mbona magari yangali yamekwama? Swali hili ni la haki na lina jibu. Tuchukue mfano wa karamu. Mwenyeji akiona wageni wanagombania sufuria moja ya pilau, huongeza ya pili. Habari zikienea kwamba chakula ni kingi, wale waliokuwa wamekaa nyumbani huja, na waliokula kidogo huongeza sahani. Punde si punde, sufuria mbili huwa hazitoshi. Barabara nayo hufuata kanuni hiyo. Inapopanuliwa, safari huwa fupi kwa muda. Aliyekuwa akipanda matatu hununua gari, aliyekuwa akiondoka alfajiri huondoka saa mbili asubuhi, na aliyekuwa akiishi karibu na mjini huhamia mbali ambako ardhi ni nafuu. Wajenzi wa nyumba za kupangisha huifuata lami. Baada ya miaka michache, nafasi iliyoongezwa huwa imejaa.

Wataalamu wa uchumi Gilles Duranton na Matthew Turner, katika utafiti wao kuhusu miji ya Marekani uliochapishwa mwaka 2011, walionyesha kuwa umbali wa jumla unaosafiriwa na magari huongezeka takriban kwa kiwango kile kile ambacho barabara kuu zimeongezwa. Marekani ina magari mengi kuliko sisi, lakini kanuni yenyewe ni ya binadamu, si ya nchi. Mkazi yeyote wa Kinoo ameishuhudia: majumba ya ghorofa yaliyochipuka kandokando ya barabara hayakutangulia lami pana, yameifuata.

Hii haina maana kuwa barabara zisijengwe. Waama, mgonjwa aliyekuwa akifia njiani, mkulima wa Limuru aliyekuwa akipoteza kabichi kwa kuchelewa sokoni, na mwalimu aliyekuwa akitumia saa nne kwa siku garini, wote wana haki ya barabara nzuri. Maana yake ni kwamba upana pekee si tiba. Ndiyo sababu mipango ya Nairobi ilihusisha pia mabasi yaendayo kasi yenye leni zake maalumu. Mamlaka ya Uchukuzi wa Eneo la Jiji la Nairobi iliundwa mwaka 2017, na njia za mabasi hayo zikapewa majina ya wanyama kwa Kiswahili: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Ndovu ndiyo iliyopangiwa ushoroba wetu, kuunganisha upande wa Limuru na Kangemi na upande wa Mombasa Road. Majina yalikuja mapema; mabasi yakawa yanaahirishwa. Jijini Dar es Salaam huduma kama hiyo ilianza mwaka 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, na wananchi wakaibatiza jina "mwendokasi". Tofauti hii inafundisha. Kule, kitu kilikuja na watu wakakipa jina. Kwetu, jina lilitangulia na watu wangali wanakingoja kitu.

Aliye kando

Tukirejea kwa yule aliye kando, tutaona kuwa upanuzi humgusa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni uvukaji. Sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi huenda kazini na shuleni kwa miguu, na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, kuwa waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaofariki katika ajali za barabarani nchini. Barabara inapokuwa na leni nne, mtoto huikimbilia na kuivuka. Inapokuwa na leni sita pamoja na barabara za kando, mbio hizo huwa kamari. Madaraja ya waenda kwa miguu yamejengwa, na yanaokoa maisha. Lakini daraja lililo mbali na kituo cha matatu humlazimu mama aliyebeba mtoto mgongoni na gunia la sukumawiki kichwani kuchagua baina ya kupanda ngazi na kuhatarisha maisha yake. Tusimlaumu haraka. Anayechora daraja anaona mstari kwenye karatasi. Anayelipanda anahesabu ngazi.

Ya pili ni makao na riziki. Mwezi Julai 2018, maelfu ya wakazi wa Kibera waliachwa bila makao pale nyumba na shule zilipobomolewa kupisha barabara ya kuiunganisha Ngong Road na Lang'ata. Jambo hili si la Nairobi pekee. Mwaka 2017, nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, baina ya Kimara na Kibaha, ili barabara ipanuliwe. Kwa mwenye hati ya ardhi, kuna angalau meza ya kudai fidia. Kwa mpangaji, mwenye kibanda na muuza mitumba, hasara huwa kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana kinachovunjwa si mbao na mabati tu, bali ni mahali ambapo wateja walimzoea. Yule jirani yangu alihamia ndani zaidi mtaani, mbali na kituo. Mboga zilikuwa zile zile. Wapitao hawakuwa wale wale.

Ya tatu ni kumbukumbu ya mahali. Mwaka 2020, ujenzi wa barabara ya kulipia ulipokaribia mugumo mmoja mkongwe kando ya Waiyaki Way, huko Westlands, wanamazingira walipaza sauti. Mugumo ni mti wenye heshima katika imani ya jadi ya Wakikuyu. Chini yake sala na matambiko yalifanywa, na kuukata ni mwiko. Mwezi Novemba mwaka huo likatolewa agizo la rais la kuuhifadhi mti huo, na barabara ikapita bila kuung'oa. Tukio hili ni muhimu kwa hoja yetu. Lilithibitisha kwamba mchoro wa mhandisi unaweza kusogezwa, mradi kuna sauti inayosikika. Ikiwa mti uliweza kusikizwa, sembuse mtu?

Lugha ya tangazo

Hapa ndipo taaluma yetu inapoingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka, katika Kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 40 kinalinda haki ya kumiliki mali, na kinasema kuwa ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia ya haki ilipwe kikamilifu na kwa haraka. Aidha, kifungu hicho kinaruhusu fidia kwa wanaoikalia ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, Tume ya Kitaifa ya Ardhi huchapisha ilani ya nia ya kutwaa ardhi katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku zisizopungua 30 lazima zipite kabla ya kikao cha kusikiliza madai ya wahusika.

Haki hizi ni nzuri. Tatizo ni kuwa Gazeti hilo huchapishwa kwa Kiingereza, nacho Kiingereza cha sheria humshinda hata mwenye shahada. Siku 30 alizopewa mwananchi ajitayarishe huanza kuhesabiwa kabla hajajua kuwa ametajwa. Mkutano wa hadhara huitishwa, michoro ikaonyeshwa, istilahi zikamwagwa, watu wakapiga makofi, na orodha ya waliohudhuria ikawa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Kuhudhuria si kuelewa, na kunyamaza si kukubali.

Je, Kiswahili hakina maneno? La hasha! Yapo, na mengine yamekwisha kukomaa nchini Tanzania, ambako shughuli za serikali zimeendeshwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Ukanda ule uliotengwa pande zote mbili za barabara ni hifadhi ya barabara. Uwezo wa serikali wa kuichukua ardhi kwa manufaa ya umma ni utwaaji wa lazima wa ardhi. Malipo ya anayepoteza mali ni fidia. Barabara inayoukwepa mji ni barabara ya mchepuko. Ile ndogo inayokwenda sambamba na kubwa ili kuwahudumia wenyeji ni barabara ya kando. Uchunguzi wa madhara ya mradi kwa hewa, maji, miti na watu ni tathmini ya athari kwa mazingira. Hakuna hata moja kati ya istilahi hizi ambayo muuza mboga hawezi kuielewa akielezwa kwa dakika mbili. Laiti ningezijua siku ile, ningemweleza jirani yangu kwamba barabara kisheria si lami tu; kwamba hifadhi yake huweza kuwa pana kuliko inavyoonekana kwa macho; kwamba ni haki yake kuuliza iwapo kibanda chake kimo ndani ya hifadhi hiyo au nje yake; na kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo ataambiwa tu aondoke, au atakuwa na la kudai.

Ieleweke kuwa hatudai tafsiri itazuia tingatinga. Mwenye nguvu anaweza kumwonea mtu kwa Kiswahili sanifu pia. Wakazi wa Kimara waliyaelewa matangazo yao na bado nyumba zikaanguka. Tunalodai ni dogo zaidi na halina ubishi: asiyeelewa hata jina la kinachomjia hana pa kuanzia kujitetea.

Hitimisho

Makala haya yameufuata ushoroba wa magharibi mwa Nairobi kutoka kiapo cha Dagoretti cha mwaka 1890 hadi barabara za kulipia za miaka ya 2020. Tumeona kuwa kila kizazi kiliupanua kwa ajili ya anayepita: kwanza msafara wa kuelekea Uganda, kisha mkokoteni wa ng'ombe, kisha lori na gari la kibinafsi. Tumeona pia kwamba barabara pana hujaa tena pale watu wote wanapobaki wakielekea upande mmoja, na kwamba gharama yake humwangukia zaidi yule asiyepita kwa gari.

Kuna kazi hapa kwa vyama vya Kiswahili vyuoni. Tumezoea kuandaa makongamano kuhusu istilahi za isimu na fasihi, na ni vyema. Lakini umbali wa kutoka madarasa yetu hadi Kangemi ni wa nauli moja ya matatu. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuichukua ilani moja ya utwaaji wa ardhi kutoka Gazeti Rasmi, akaifasiri kwa Kiswahili cha kueleweka, akaibandika penye kituo kabla siku 30 hazijakwisha. Mwanafunzi wa istilahi anaweza kuandaa faharasa ya maneno 50 ya barabara na ardhi. Idara zinaweza kuikubali kazi ya namna hiyo kuwa sehemu ya mradi wa shahada. Upanuzi wa kuelekea Mau Summit umekwisha kuanza, na kando yake wapo watu wenye vibanda.

Yule jirani yangu angali akiuza mboga, huko ndani alikohamia. Majuzi nilimpelekea rasimu ya makala haya, nikamsomea sehemu ya istilahi. Alisikiliza hadi mwisho, akarudia polepole, "Hifadhi ya barabara." Kisha akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake katika kamusi yoyote: "Sasa mwanangu, na hifadhi ya mtu, yenyewe iko mita ngapi?"